Madaktari tuambizane ukweli: kwa nini mgonjwa anafika tiba shufaa akiwa amebakiza wiki?

Tabibu wa Mkoani (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa ya mkoa, mkoa gani haina haja. Uzi huu nauleta hasa kwa madaktari, matabibu na wauguzi waliomo humu, ila yeyote aliyewahi kuuguza anakaribishwa.

Kwetu kuna kitengo kidogo cha tiba shufaa. Chumba kimoja, sista mmoja aliyesomea, daktari anayegawana muda na wodi nyingine, na kabati la mofini (dawa kali ya maumivu) lenye kufuli mbili. Ukipitia faili za wanaoletwa pale, karibu wote wameletwa mwishoni kabisa. Mgonjwa hali, hasemi, ndugu wameshaanza kuulizana nani apigiwe simu. Sista atafanya nini hapo? Atapunguza maumivu na kukaa na ndugu. Wakati huo ugonjwa tuliugundua miezi mingi nyuma, na miezi yote hiyo mtu huyu alikuwa halali usiku.

Nimekuwa nikiwauliza wenzangu saa ya chai: kwa nini hukumpeleka mapema? Hakuna hata mmoja aliyesema haiamini tiba shufaa. Wote wanaisifu. Ila mmoja atakwambia "bado namtibu", utadhani ukitibu saratani umekatazwa kutibu maumivu. Mwingine anaogopa mgonjwa ataona amekatiwa tamaa. Daktari mtarajali mmoja alisema hakujua aanzeje mazungumzo, akamsubiri bosi wake, na bosi naye akamsubiri mgonjwa aulize. Na yupo mmoja, mtu mzima, nilimheshimu kwa jibu lake: "Nikimpeleka kule najiona nimeshindwa."

Shirika la Afya Duniani liliandika tangu 2002 kwamba huduma hii ianze mapema, sambamba na tiba zinazorefusha maisha kama kemo (dawa za kupambana na saratani) na mionzi. Mwaka 2010 ukatoka utafiti wa Jennifer Temel na wenzake pale hospitali ya Massachusetts General, Boston, Marekani. Wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, waliogunduliwa karibuni. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. La pili lilipata matibabu hayohayo na kuonana na timu ya tiba shufaa angalau mara moja kwa mwezi. Kundi la pili liliishi kwa unafuu zaidi, wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 16 dhidi ya 38 za kundi la kwanza, na wachache zaidi waliandamwa na matibabu makali siku za mwisho. Na kipimo cha kati cha muda wa kuishi, yaani muda ambao nusu ya kundi waliupita, kilikuwa miezi 11.6 kwao, 8.9 kwa wenzao.

Mimi naona tatizo letu ni kwamba tunapima muda uliobaki wakati tunapaswa kupima shida iliyopo leo. Ndiyo maana tunachelewa. Karibuni mnipinge.

Mgambo Mstaafu

Dokta samahani, sisi wengine darasa la saba. Tiba shufaa ndiyo ile wanakwambia "mchukueni mkamuuguze nyumbani"?

Tabibu wa Mkoani

Hapana mzee wangu, ingawa sikulaumu, wengi wameiona ikija na maneno hayo. Ni huduma ya kumwondolea mgonjwa wa maradhi mazito maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na hofu, pamoja na kuisaidia familia ipange mambo yake. Inaweza kwenda na kemo, na mionzi, na kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, na dawa za moyo. Wengine wanaipata, wanapona, wanaendelea na maisha.

Kisu Cha Asubuhi

Mleta mada umeandika vizuri, ila umeandika kama mtu wa wodi ya ndani. Mimi ni wa upasuaji, ngoja nikupe upande wetu.

Mama ana uvimbe wa saratani kwenye titi, hatua ya tatu kati ya nne, bado ana nafasi ya kupona. Nimtume siku ya kwanza kwenye chumba ambacho wodi nzima, mpaka mfagiaji, inajua ndiko wanakopelekwa wa kufa? Hatarudi kwangu. Ataondoka na ndugu zake usiku, aende kwa mganga, nije nimwone baada ya mwaka kidonda kimepasuka. Hii nimeiona kwa macho yangu, zaidi ya mara moja.

Halafu mnasahau ndugu. Kaka mkubwa anaingia ofisini, anafunga mlango: "Dokta, tunakuomba, mama asiambiwe." Wewe uko katikati. Ukimwandikia rufaa ya tiba shufaa umeshamwambia bila kufungua mdomo.

Kwa hiyo siogopi kushindwa, mkuu. Namwogopea mgonjwa.

Sista wa Kitengo

Nimesoma nikanyamaza, lakini Dk. Kisu umenitoa mafichoni. Miye ndiyo hao masista wa chumba kinachoogopwa, ila si wa hospitali ya mleta mada.

Kwetu tuliona hilohilo la chumba. Tukaacha kumngoja mgonjwa aje. Siku ya kliniki ya saratani nakaa mezani palepale kliniki, kati ya anayepima presha na anayepanga mafaili. Kila mgonjwa mpya anapita kwangu. Hapelekwi popote. Namuuliza anaumwa wapi, analala saa ngapi, anakula nini, choo anapata, nani anamlipia nauli. Dakika kumi na tano. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo kwa siku ile, na wakija kuhitaji wanakuwa wameshanizoea.

Sasa niwaambie madaktari wangu kitu ambacho faili halisemi. Chukua saratani ya shingo ya kizazi, ndiyo tunayoiona kuliko zote kwa akina mama. Daktari anaandika: kutokwa damu, maumivu ya nyonga, apelekwe mionzi. Kweli kabisa. Lakini ukimkalisha mama mwenyewe, cha kwanza atakachokwambia kwa sauti ya chini ni harufu. Ameacha kwenda kanisani, ameacha kwenda msibani. Mume amehamia chumba cha watoto. Wajukuu hawakai mapajani. Mwingine ananyimwa kiti kwenye daladala. Foleni ya mionzi ni ndefu, naye anaishi hivyo akisubiri.

Dawa yake ni metronidazole, vidonge vilevile vya kutibu kuharisha tunavyovijua wote. Tunavisaga unga laini, unawekwa pale penye kidonda kila anapobadilisha kitambaa. Ndani ya siku chache harufu inapungua kiasi cha mtu kurudi kukaa na wenzake. Bei yake mnaijua, ni ya mboga. Mama mmoja alirudi amevaa gauni la kitenge, amepaka wanja, akaniambia amekwenda kwenye kipaimara cha mwanawe. Ugonjwa ulikuwa palepale ulipokuwa.

Huyo alihitaji nani akadirie miezi aliyobakiza? Alihitaji mtu amuulize, basi.

Kuhusu "mama asiambiwe": simbishii kaka mkubwa. Namuuliza mgonjwa mwenyewe, "Mama, mambo ya ugonjwa wako ungependa kuyajua mwenyewe au tuongee na wanao?" Wapo wanaosema ongeeni na wanangu, na hiyo ni haki yao. Wengi wananitazama wananiambia, "Mwanangu, najua. Nangoja wao waniambie."

Popo Bawa Mpole

Sista umeniliza ofisini. Napita.

Mwana wa Pangani

Nami nichangie kama ndugu wa mgonjwa.

Baba alikuwa na saratani ya kongosho. Hospitali siitaji. Tangu mwanzo tuliongea na madaktari wenye adabu, wasomi, hakuna aliyetukosea heshima. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia nini kinawezekana na nini hakiwezekani. Kila tukiuliza tunajibiwa "tutaendelea kujaribu". Na sisi kwa masikio yetu tukasikia "atapona". Tukauza kiwanja, tukampeleka India. Kule daktari wa kwanza tuliyeonana naye alituambia ndani ya nusu saa kile ambacho nyumbani hakikusemwa. Tukageuza.

Sijutii kumpeleka, mtoto anafanya anachoweza. Ila baba alikuwa na mambo ya shamba na ya mama mdogo ambayo alitaka kuyaweka sawa akiwa bado anakaa kitini. Aliyasema akiwa ameshalala, nusu tukayasikia, nusu hatukuyasikia. Mpaka leo kuna kesi ya mipaka baraza la kata.

Jingine. Mofini alianzishwa siku kumi kabla hajafariki. Shangazi akasema ile dawa ndiyo iliyomuua. Nusu ya ukoo unaamini hivyo. Kama angeianza mapema, akala, akatembea, akaonekana yuko vizuri, nani angesema?

Tabibu wa Mkoani

Mwana wa Pangani, pole sana. Na hilo la mofini naomba madaktari walisome mara mbili. Ukiitoa siku za mwisho tu, kila anayeitumia atakufa ndani ya siku chache, na mtaa utajifunza kutokana na hilo. Uoga ambao tunawalaumu nao wananchi tumeupanda wenyewe.

Kisu, hoja yako ya chumba nimeikubali. Sista amekujibu kwa vitendo kuliko ningeweza.

Takwimu Kwanza

Naomba nimwage maji kidogo maana naona uzi unageuka mahubiri.

Utafiti wa Boston ni hospitali moja, nchi tajiri, saratani moja. Ile miezi karibu mitatu ya ziada haikujitokeza kwenye kila utafiti uliofuata. Toronto, Kanada, Camilla Zimmermann na wenzake, 2014: kliniki 24, wagonjwa 461 wa saratani mbalimbali. Kipimo walichokuwa wamekiweka mbele, ubora wa maisha katika mwezi wa tatu, hakikuonyesha tofauti ya uhakika. Mwezi wa nne ndiyo tofauti ikaonekana wazi. Kwa hiyo ushahidi wa kuishi kwa unafuu ni mzuri. Wa kuishi muda mrefu zaidi tusiuuze kwa wananchi.

Pili, wale wa Boston wana daktari bingwa wa tiba shufaa, wana mwanasaikolojia, mgonjwa ana gari. Ukisema "mapema" kule unazungumzia mtu aliyegunduliwa akiwa bado anatembea na yuko kazini. Kwetu hapa wengi wanafika hatua ya tatu au ya nne. Mapema ya kwetu ni ipi?

Tabibu wa Mkoani

Takwimu Kwanza, wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri. La kuongeza maisha nakubaliana nawe, tusilitangaze. Hata lisingekuwepo, mtu kulala usiku kunatosha kuwa sababu.

Mapema ya kwetu ni siku ileile jibu la kinyama (kile kipande kinachokatwa mwilini kupimwa) linaporudi kutoka maabara. Tunaona vibaya kwa sababu amefika na hatua ya nne, tunasema "huyu amechelewa", kisha na sisi tunamchelewesha tena juu ya kuchelewa kwake. Kama anafika amechelewa, basi sisi ndiyo hatuna ruhusa ya kungoja hata wiki.

Na kuhusu kungoja muda ufike: mwaka 2000 Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont walitoa utafiti wa Chicago. Waliwauliza madaktari 343 makadirio yao kwa wagonjwa 468 waliokuwa wanaingizwa kwenye huduma za wanaokaribia mwisho. Waliokadiria sawasawa ni asilimia 20. Asilimia 63 walikadiria muda mrefu kuliko uliotokea. Kwa wastani makadirio yalizidi ukweli zaidi ya mara tano. Na kadiri daktari alivyomjua mgonjwa kwa muda mrefu, ndivyo alivyokosea zaidi.

Hapo ndipo napata jibu la kwa nini madaktari wema ndiyo wanaochelewa. Unamtibu mtu miaka mitatu, anakuletea mahindi mabichi, unajua jina la mjukuu wake. Utaonaje kwamba anaondoka? Kwa hiyo uamuzi usiachiwe makadirio yangu. Uwe utaratibu: jibu limerudi, saratani imesambaa, sista anamwona. Maumivu yamefika kiwango fulani, sista anamwona. Mimi nimpende mgonjwa wangu nipendavyo, utaratibu haunisubiri.

Daktari wa Eldoret

Wadau, salamu kutoka ng'ambo ya mpaka.

Huku kwetu hadithi ni hiyohiyo. Nairobi Hospice, kituo cha tiba shufaa, ilianza 1990 katika uwanja wa hospitali ya Kenyatta, watu wanaijua, lakini ukimwambia mgonjwa "nakutuma hospice" anauliza amebakiza siku ngapi. Madaktari wenyewe tuliosomea zamani hatukufunzwa. Tulifunzwa kuua bakteria. Maumivu yalikuwa kidokezo cha kutafuta ugonjwa, ukishapata ugonjwa hujali tena maumivu.

Kitu kimoja nitaongeza. Huduma hizi zilikua kwa kasi huku kwetu wakati wa Ukimwi kabla dawa za kufubaza hazijaenea. Wahudumu wa nyumbani walikuwa wakija na mkoba, na nyumba walizoingia zilikuwa na matanga baadaye. Kumbukumbu hiyo iko kwa wananchi na iko kwa madaktari wa rika langu. Hatuongei sana juu yake.

Moyo Mkuu

Mbona wote mnaongelea saratani tu? Mimi nashughulika na moyo. Mgonjwa wa moyo kushindwa kazi analazwa, amejaa maji, hapumui, tunampa sindano za kutoa maji, wiki moja anatoka anatembea. Anarudi baada ya miezi. Anatoka tena. Kila mara anapanda, ila hafiki pale alipokuwa mara ya nyuma. Hakuna siku ambayo mimi ningesema leo ndiyo leo. Matokeo yake hakuna anayepelekwa, kabisa. Namwona anakaa usiku kucha kwenye kiti kwa sababu akilala anazama, mke wake anamshikilia, na hakuna aliyewahi kumuuliza yule mke analalaje.

Kigezo cha "shida iliyopo leo" kwa wagonjwa wangu ndicho pekee kinachofanya kazi. Wa figo nao vivyo hivyo, wengine wanasitisha kusafisha damu kwa sababu ya fedha na hakuna anayewapokea upande wa pili.

Kisu Cha Asubuhi

Sawa, nimeelewa, na hilo la sista kukaa kliniki nitalipeleka kwenye kikao. Lakini niambieni: kama kila daktari humu akianza kesho kupeleka wagonjwa wote siku ya kwanza, sista mmoja ataishi?

Sista wa Kitengo

Hataishi, Dk. Kisu. Umesema kweli tupu. Ndiyo maana si kila mgonjwa awe wangu. Maumivu ya kawaida, choo kigumu, kichefuchefu, hayo daktari na muuguzi yeyote wa wodi ayaweze. Niletewe waliokushindeni, na niletewe nikiwa na muda wa kufanya kitu.

Na sheria isaidie. Uganda walishaliona. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda Kampala mwaka 1993, mofini wanaichanganya wenyewe kutoka kwenye unga, ya maji, ya kunywa, bei nafuu sana. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika. Miye nina cheti, najua dozi, najua nimpe na dawa ya kulainisha choo, lakini napiga simu kumtafuta daktari aje asaini wakati mgonjwa anauma shuka.

Takwimu Kwanza

Naunga mkono sista. Ripoti ya tume ya jarida la tiba la Lancet ya 2017: dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka zilikuwa kama tani 298.5. Nchi maskini zilipata tani 0.1. Ukiona daktari wa wilaya anaogopa mofini, kwanza muulize kama amewahi kuiona.

Fundi Baiskeli Kahama

Wakuu nimesoma wote. Naomba msaada, nina mjomba ana saratani ya tezi dume, imeenda kwenye mifupa ya mgongo. Amepangiwa mionzi Dar, tarehe bado kama wiki tatu. Anapewa diclofenac tu, usiku analia. Niende nikamwambie daktari nini bila kuonekana namfundisha kazi?

Sista wa Kitengo

Mwambie hivi: "Daktari, usiku halali kwa maumivu, dawa aliyopewa haimtoshi, tunaomba aonwe na watu wa tiba shufaa wakati tunasubiri mionzi." Hakuna daktari wa kukasirika hapo. Andika kwenye daftari kila saa anazoumwa na alichokunywa, uende nalo. Na hiyo diclofenac kila siku kwa mtu mzima inaumiza figo na tumbo, uliza kama aendelee nayo.

Nikuulize kaka: miguu yake ina nguvu? Mkojo anapata vizuri?

Fundi Baiskeli Kahama

Tangu jana anasema miguu mizito, inakufa ganzi. Leo asubuhi alishindwa kusimama mwenyewe, nikadhani ni kukosa usingizi. Mkojo unatoka kidogo kidogo.

Tabibu wa Mkoani

Ndugu yangu, hiyo siyo ya kusubiri wiki tatu. Uvimbe unaweza kuwa unabana uti wa mgongo. Mpeleke hospitali ya rufaa leo hii, mapokezi ya dharura, siyo kliniki. Abebwe akiwa amelala, mgongo umenyooka. Kuna sindano ya kupunguza kuvimba kwenye uti inayotakiwa ianze mapema, na mionzi yake inakuwa ya dharura. Akikaa siku mbili zaidi anaweza asitembee tena.

Andika kwenye karatasi umpe daktari wa zamu mkononi: saratani ya tezi dume iliyofika mgongoni, ganzi ya miguu tangu jana, ameshindwa kusimama leo, mkojo hautoki vizuri. Karatasi za Dar nenda nazo zote. Wakikwambia usubiri kesho, nitumie ujumbe binafsi, niko zamu mpaka saa mbili usiku.

Fundi Baiskeli Kahama

Nimeshapata bajaji, nang'oa siti ya nyuma alale. Nitaleta mrejesho.